Makadirio ya Jicho

Mtoto akishazaliwa, kondo la nyuma hubanduka kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi na kuacha jeraha pana lenye mishipa iliyo wazi. Mimba iliyotimia hupitisha zaidi ya nusu lita ya damu katika mfuko huo kila dakika. Kinachoziba mishipa ile ni misuli yenyewe: nyuzi zake zimepishana kama ukili, na zikijikaza huibana mishipa inayopita katikati yake. Zisipojikaza, damu haina sababu ya kukoma. Mkunga ana dakika chache za kugundua kwamba kuna hatari, na kwa miongo mingi chombo alichopewa kwa kazi hiyo kilikuwa jicho lake.

Jicho lina namna yake ya kukosea. Damu huchanganyika na maji ya uzazi na mkojo, huzama kwenye godoro, hutiririka chini ya kitanda, huganda ndani ya beseni. Damu kidogo huonekana nyingi, na damu nyingi huonekana kidogo. Kosa huzidi kadiri damu inavyozidi, yaani huwa kubwa zaidi pale pale panapoua. Kigezo kilichozoeleka cha hatari ni mililita 500, na kukivuka bila kujua ni rahisi, hasa damu ikitoka polepole kwa saa nzima badala ya kumwagika kwa mara moja. Uzoefu hausaidii kama inavyodhaniwa. Miaka mingi kazini humwongezea mkadiriaji ujasiri. Usahihi hubaki pale ulipokuwa.

Mwezi Mei 2023 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya jaribio liitwalo E-MOTIVE, lililoongozwa na Chuo Kikuu cha Birmingham na kufanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, kwa wanawake 210,132 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Hospitali zenyewe ndizo zilizopigiwa kura, wala si mgonjwa mmoja mmoja, kwa sababu haiwezekani kumfundisha mkunga utaratibu mpya asubuhi na kumtaka ausahau mchana kwa mama wa kitanda cha pili. Katika kundi moja, mama aliwekewa shuka la plastiki lenye mfuko wa kukusanyia damu, na juu ya mfuko huo kuna mistari ya vipimo. Damu ikifika kwenye mstari wa kuchukua hatua, mambo kadhaa yalifanywa kwa mkupuo: kukanda mfuko wa uzazi, dawa za kuukaza kama oksitosini, asidi ya traneksamiki inayosaidia damu iliyoganda isiyeyuke upesi, dripu, na uchunguzi wa kutafuta jeraha.

Kundi la pili ndilo linalostahili kutazamwa zaidi. Huko pia mama aliwekewa shuka la plastiki, na damu ilikusanywa na kupimwa kwenye mizani baadaye ili watafiti wawe na namba. Shuka hilo halikuwa na mistari. Kwa hiyo habari ilikuwepo wodini, ndani ya mfuko, mbele ya mkunga, lakini haikusomeka kwa wakati. Wakunga wa kundi hili waliwatambua takribani nusu tu ya wanawake waliovuka kigezo, asilimia 51.1; wenye mistari waliwatambua asilimia 93.1. Waliopata matokeo mabaya, yaani kupoteza lita moja au zaidi, kupasuliwa tumbo kwa sababu ya damu, au kufa kwa damu, walikuwa asilimia 1.6 katika kundi la mistari dhidi ya 4.3 katika hili la pili.

Hapa panahitaji uangalifu, maana matokeo mazuri huvutia wasemaji. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo inatokana na kupungua kwa wanaopoteza lita moja na zaidi. Vifo peke yake vilikuwa vichache mno kuthibitisha chochote kitakwimu. Tena mistari haikufika wodini peke yake: iliandamana na mafunzo, kikapu cha dawa kilichopangwa tayari na mtu wa kufuatilia. Anayetaka kusema kwamba plastiki iliokoa maisha atasamehewa, ila si hivyo jaribio lilivyosema. Lilichoonyesha ni kwamba dawa ambazo nyingi zilikuwa zimeshajulikana hutolewa mapema zaidi mtoaji anapokuwa na kipimo anachokisoma mwenyewe, papo hapo. Shirika la Afya Duniani liliingiza upimaji wa namna hiyo katika mapendekezo yake mwaka huo huo.

Wazo hilo lilikuwa limeshapita Kigoma karibu miaka ishirini kabla. Mwaka 2005 Ndola Prata, Godfrey Mbaruku na Martha Campbell walichapisha utafiti juu ya kutumia kanga kama kipimo cha damu. Hoja yao ilikuwa ya kifizikia zaidi kuliko ya kitabibu. Kanga hutoka kiwandani kwa ukubwa unaokaribiana, pamba yake hunywa kiasi cha maji kinachoweza kutabiriwa, na mama anayejifungua nyumbani lazima awe nazo. Kanga mbili zikilowa chepe, damu imeshavuka nusu lita au iko mlangoni. Wakunga wa jadi walifundishwa alama hiyo moja tu, na ikifika watoe misoprostoli, dawa ya vidonge ya kukaza mfuko wa uzazi isiyohitaji sindano wala jokofu. Akina mama waliolazimika kupewa rufaa walikuwa wachache zaidi kuliko katika vijiji vya kulinganisha. Kipimo hicho kina mipaka yake pia: kitambaa cha polista kilichochapishwa maua ya kanga hakinywi damu kama pamba, na siku hizi doti za namna hiyo zimejaa sokoni.

Mbaruku alikuwa daktari aliyekuwa amefanya kazi Kigoma tangu miaka ya 1980. Pamoja na Staffan Bergström alieleza mwaka 1995 jinsi vifo vya uzazi pale vilivyoshuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000 kati ya 1984 na 1991. Hatua zilizochukuliwa zilikuwa 22, karibu zote za gharama ndogo, zikitegemea rasilimali zilizokuwepo, na chanzo chake kilikuwa kuchambua vifo vyenyewe: nani alikufa, saa ngapi, kwa kukosa nini. Orodha ya namna hiyo haimpendezi mfadhili anayetaka kuzindua kitu.

Kuwa na chombo cha kupimia hakumalizi shida, maana chombo nacho hupima mahali kilipowekwa. Mfano ulio karibu ni wa Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, aliweka mchanganyiko wa moto wa maziwa na sukari kwenye jokofu kwa kuogopa kukosa nafasi, na ukaganda kabla ya ule wa mwenzake uliokuwa wa baridi. Walimu walimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Shule ya Sekondari Mkwawa, alimuuliza swali hilo Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyekuja kutoa mhadhara. Osborne aliporudi akamtaka fundi wa maabara ajaribu. Fundi alitoa taarifa kwamba maji ya moto yalitangulia kuganda, na akaahidi kurudia hadi apate jibu sahihi. Mpemba na Osborne walichapisha makala mwaka 1969, na jambo hilo likabeba jina la mwanafunzi.

Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walirudia vipimo vya kupoa na hawakupata ushahidi wa maana. Walionyesha kwamba kutofautisha kina cha kipimajoto kwa takribani sentimita moja tu kunatosha kuzalisha tofauti ambayo mtu angeiita athari ya Mpemba. Lakini wao walipima muda wa kufika nyuzi sifuri, na maji huweza kupita sifuri yakiwa bado maji; Mpemba alizungumzia kuganda. Maswali mawili tofauti yalipewa jina moja, na sehemu ya ubishi inaishi katika nafasi hiyo. Wakati huo huo wanafizikia wa takwimu walilitoa swali jokofuni kabisa: mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer walionyesha katika jarida la Nature kwamba chembe ndogo iliyowekwa katika mazingira yaliyobuniwa kwa hesabu inaweza kupoa upesi zaidi ikianzia kwenye joto la juu. Huko jambo lipo bila ubishi, kwa sababu walianza kwa kueleza wanapima nini.

Uvuvi ni mahali ambapo hatua hiyo ya kwanza hurukwa mara nyingi. Samaki wa pwani hawahesabiki. Kinachohesabika ni kile kinachoshushwa dikoni, na hata hicho huhesabiwa kwa sampuli: mkusanya takwimu hupima mavuno ya vyombo kadhaa katika siku kadhaa, kisha wastani huo huzidishwa kwa idadi ya vyombo na idadi ya siku za kuvua. Idadi ya vyombo hutoka kwenye sensa ya uvuvi ambayo haifanyiki kila mwaka. Makosa katika hesabu ya namna hii hayajumlishwi, huzidishwa. Kitoweo kilichotolewa kabla ya mnada hakimo. Na pale fomula inapoanza na chombo, mwanamke anayekwenda mwambani kwa miguu wakati wa bamvua kuchokoa pweza hayumo kabisa; kwa lugha ya takwimu, inayoita vyombo na siku za kuvua “juhudi”, hana juhudi.

Dosari kubwa zaidi iliwahi kuwa ya kiofisi. Mwaka 2010 Jennifer Jacquet na wenzake, walipojenga upya takwimu za mavuno ya Tanzania na Msumbiji, walionyesha kwamba mavuno ya Zanzibar yalikuwa yameachwa katika takwimu za Tanzania zilizoripotiwa kimataifa. Visiwa vinavyoishi kwa samaki vilikuwa vimepotea kwenye jedwali la samaki.

Tuseme namba zote ni sahihi. Bado kipimo kinachotumika zaidi, mavuno kwa kila safari, kina mtego. Mvuvi haendi baharini kwa kupiga kura. Anakwenda samaki walipo. Tasi wanapokusanyika kutaga mayai, kama inavyojulikana kusini mwa pwani ya Kenya, malema machache yaliyotegwa mahali pao hujaa ingawa jumla ya tasi baharini imepungua. Mashine ikiongezwa kwenye mashua, mwamba wa mbali unaingia kwenye hesabu na wastani unabaki palepale. Mstari kwenye grafu hunyooka kwa miaka, kisha huanguka ghafla, na ripoti ya mwaka huo husema mabadiliko ya tabianchi yachunguzwe.

Njia nyingine ni mwangwi. Meli za utafiti ziitwazo Dr. Fridtjof Nansen, zilizofika Tanzania miaka ya 1982 na 1983 na tena 2018, hutuma mlio chini ya maji, husikiliza unavyorudi, na kutokana na nguvu yake hukadiria wingi wa samaki. Sauti husafiri mita 1,500 hivi kwa sekunde baharini, na kinachoirudisha zaidi ni kibofu cha hewa ndani ya samaki. Asiye na kibofu hurudisha kidogo. Tena meli kubwa haiwezi kuingia kwenye maji ya kina kifupi kati ya ufukwe na mwamba, ambako ndiko ngalawa nyingi zinakovua. Kipimo ni kizuri sana, cha bahari ambayo wavuvi wengi hawaifiki.

Ndiyo maana kufunga miamba ya pweza kumewavutia watafiti kuliko ukubwa wa uvuvi wenyewe unavyostahili. Kulianzia Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, mwaka 2004, na kumejaribiwa Kisiwa Panza huko Pemba na Kizimkazi, Unguja. Pweza huishi muda mfupi na hukua haraka, jike hutaga mara moja na kufa, kwa hiyo miezi michache ya kufunga inatosha kubadilisha uzito. Siku ya kufungua, kila mtu huona mizani. Uchambuzi wa mafungo 36 ya Madagaska uliochapishwa mwaka 2015 ulithibitisha ongezeko kubwa la mavuno baada ya kufungua. Ongezeko hilo hupungua upesi, na umati wa vijiji jirani siku ya ufunguzi ni sehemu ya sababu. Hata hivyo aliyepima ndiye aliyefunga na ndiye atakayeamua kufunga tena, jambo ambalo takwimu za dikoni, zinazopanda wizarani na kukaa huko, hazijawahi kulifanya.

Namba za kitaifa za vifo vya uzazi zina umbali huo huo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa 2022 ulitoa vifo vya uzazi 104 kwa vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika ule wa 2015 na 2016. Makadirio ya Umoja wa Mataifa kwa mwaka 2020, yaliyotolewa mwaka 2023, yalikuwa 238. Hakuna aliyedanganya. Utafiti wa kaya huwauliza wanawake kuhusu dada zao waliozaliwa tumbo moja, walio hai na waliokufa, na kama kifo kilitokea wakati wa mimba au kujifungua au muda mfupi baadaye. Jibu huchukua miaka saba iliyotangulia, na hutegemea vifo vichache vilivyonaswa na sampuli, hivyo ukingo wa kosa ni mpana. Umoja wa Mataifa huichukua namba hiyo, huichanganya na nyingine na kuipitisha kwenye modeli. Ile ya 104 ilitangazwa kwa shangwe, kama ilivyotarajiwa.

Mkunga wa zamu haihitaji namba yoyote kati ya hizo. Anahitaji shuka lenye mistari, ambalo hutumika mara moja na kutupwa, kwa hiyo lazima liagizwe kwa kila mama. Maagizo ya vifaa kwa kawaida hukokotolewa kutokana na matumizi ya kipindi kilichopita. Wodi iliyokaa kipindi kizima bila shuka hata moja, na ambayo siku za upungufu hazikuandikwa kwenye fomu, itaonekana kuwa haikuyahitaji.