Je, 18 yenyewe imo?

Juzi nilikuwa namsaidia binamu yangu wa kidato cha kwanza kazi ya nyumbani. Swali lilisema mpiga kura awe na umri usiopungua miaka 18, liandike kwa alama. Akaandika fasta: u < 18. Kwa nini? "Si wamesema kupungua?"

Kumbe hesabu anaijua, ila kasoma kitenzi akaruka "-si-" iliyojificha katikati ya neno. Herufi mbili tu, na sheria yake sasa inawapa kura watoto na kuwanyima wazazi.

Akafuta, akaandika u > 18. Hapo ndipo wengi tunapokwama. Kinyume cha "chini ya 18" si "zaidi ya 18", maana katikati yake kuna 18 yenyewe, na lazima iangukie upande mmoja. Ukikanusha <, unapata ≥. Katiba ya Tanzania inampa haki ya kupiga kura raia aliyetimiza miaka 18, kwa hiyo siku ya kutimiza tu, umo. Jibu ni u ≥ 18.

Kwa hiyo kabla hujachora alama yoyote, shika namba ya mpakani uiulize: wewe unaruhusiwa? Ikiwa ndiyo, weka kistari chini ya alama. Kisha jaribu namba moja ya kila upande, tuseme 17 na 19, uone ipi inapita. "Angalau", "kuanzia", "isiyopungua": mpaka umo. "Isiyozidi": umo pia. "Zaidi ya" na "chini ya": haumo. "Kati ya 5 na 10" ni tatizo, nakushauri umuulize aliyeandika swali.

Sasa twende dukani. Una shilingi 10,000, daftari moja ni 1,500, na lazima ubakize nauli ya 700. Daftari zikiwa d:

1,500d + 700 ≤ 10,000

Kwa nini ≤? Kwa sababu pesa ikiisha yote hadi shilingi ya mwisho, bado umefika nyumbani. Ukikokotoa unapata d ≤ 6.2. Hakuna muuzaji atakayekukatia daftari vipande, hivyo unanunua 6. Usikariri kwamba siku zote tunashuka, lakini. Wanafunzi 130 wakisafiri kwa mabasi ya viti 30, 30b ≥ 130 inatoa b ≥ 4.33 hivi, na ukikodi manne, kuna watu 10 wanabaki kituoni. Unakodi 5.

Kuna mahali alama hizi zinaamua nani aingie Ikulu. Katiba ya Kenya ya 2010 inataka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa. Kura zake zikiwa k na jumla n, basi k > n/2, bila kistari. Kura zikiwa milioni moja, 500,000 hazitoshi, 500,001 zinatosha. Pia apate angalau asilimia 25 ya kura katika kila moja ya kaunti zinazozidi nusu. Kaunti ni 47, nusu yake 23.5, kwa hiyo zinahitajika 24. Ona sharti hilo moja lilivyobeba ≥ na > kwa pamoja.

Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta alitangazwa kuwa na asilimia 50.07. Kwa pengo jembamba hivyo, ubishi ukahamia kwenye n: je, kura zilizokataliwa zinahesabiwa ndani yake? Ukizitoa, n inapungua na asilimia ya mgombea inapanda. Mahakama ya Juu ikaamua kwamba hazihesabiwi. Alama > haikuguswa na mtu. Kilichogombaniwa ni maana ya herufi moja, na ndiyo sababu nilimlazimisha binamu aandike juu ya jibu lake: "u ni umri kwa miaka iliyotimia." Alinung'unika, lakini aliandika.