Molekuli Nne za Maji

Gesi ya haidrojeni kloridi ikiwa kavu kabisa, si asidi kwa maana tuliyoizoea. Atomi ya haidrojeni na ya klorini zimeshikana, zinachangia jozi ya elektroni, wala hakuna inayomwachia mwenzake. Ikiingia majini mambo hugeuka. Klorini hubaki na elektroni zote mbili, haidrojeni hubaki protoni tupu, na protoni hiyo hudakwa papo hapo na molekuli ya maji iliyo karibu. Maji hayo, sasa yenye haidrojeni tatu badala ya mbili, huitwa ioni ya haidroniamu. Myeyusho huo ni asidi ileile inayotusaidia kumeng'enya chakula tumboni.

Mwanafunzi wa sekondari huandika badiliko hilo kwa mlinganyo wa mstari mmoja, kisha anaendelea na swali la pili. Lakini mlinganyo umeficha jambo ambalo kwangu ndilo tamu kuliko yote: yanahitajika maji kiasi gani? Glasi? Tone? Au molekuli moja tu inatosha?

Moja haitoshi, na sababu yake ni nishati. Kuipasua haidrojeni kloridi kuwa ioni mbili zilizo mbalimbali hugharimu takriban kilojuli 1,400 kwa kila moli. Molekuli moja ya maji ikiipokea protoni, hurudisha kama kilojuli 690 tu, hata nusu haifiki. Mvutano kati ya ioni hizo mbili hupunguza pengo bila kuliziba. Lazima waje majirani wengine wa kuishika haidroniamu upande mmoja na kloridi upande wa pili.

Majirani hao wana kazi nyingine pia. Protoni ni kitu kidogo mno: kipenyo chake kimezidiwa na kile cha atomi ya haidrojeni zaidi ya mara 50,000. Hata hivyo, si udogo unaoipa kasi majini. Mwaka 1806 Theodor Grotthuss, kijana wa miaka ishirini na kidogo, aliandika kwamba umeme unapopita katika maji, chembe hupokezana kutoka molekuli hadi molekuli. Wazo lake ni kama vibarua siku ya kumwaga zege la ghorofa, waliojipanga mstari huku kila mmoja ana karai mkononi: wa kwanza akipokea jingine, humpa mwenzake lile alilokuwa nalo, na linalofika juu silo lililoingia chini. Ajabu ni kwamba wakati huo hakuna aliyejua protoni ni nini, na hata idadi ya atomi katika molekuli ya maji ilikuwa haijakubaliwa. Leo tunajua kuwa protoni inayopokezanwa hivyo huvuka maji kwa kasi karibu mara saba ya ioni ya sodiamu, na kwamba kila mruko huchukua takriban sehemu ya trilioni moja ya sekunde.

Ndani ya glasi ya maji huwezi kuukamata mruko mmoja. Molekuli ni nyingi mno na zote zinacheza. Ndiyo maana wanakemia wamekimbilia vishada, vikundi vya molekuli chache zinazohesabika. Katika Chuo Kikuu cha Bochum, Ujerumani, kundi la Martina Havenith na Dominik Marx lilitumia matone madogo sana ya heliamu, yenye baridi ya nyuzi 0.37 tu juu ya sifuri halisi. Tone likipita katika chumba chenye gesi ya haidrojeni kloridi humeza molekuli moja. Likipita penye mvuke wa maji humeza nyingine, na nyingine. Leza ya infraredi husikiliza mitetemo, maana kila bondi hutetema kwa namna yake, na haidroniamu ina mtetemo wake.

Matokeo yao ya mwaka 2009 yalikuwa haya: penye molekuli moja, mbili au tatu za maji, asidi hubaki nzima, bondi yake imelegea lakini haijakatika. Inapofika ya nne, protoni huhama. Haidroniamu hushikwa na molekuli tatu za maji, na zote tatu zinaielekea kloridi iliyo upande wa pili. Hilo ndilo tone dogo kabisa la asidi, na limepatikana katika baridi ambayo ungedhani hakuna kinachoweza kusogea ndani yake.

Mwaka 2019 kundi hilohilo lilirudi na jambo lililonishangaza zaidi. Safari hii walibadilisha utaratibu: maji manne yalitangulia kuingia kwenye tone, yakajipanga kuwa kishada kilichotulia kama kipande cha barafu, ndipo haidrojeni kloridi ikafuata. Molekuli ni zilezile, idadi ni ileile, na protoni haikuhama. Ilipoanza asidi, kila molekuli ya maji ilikuja na kukaa pale ilipohitajika. Yalipotangulia maji, yalikwisha kushikana yenyewe kwa yenyewe, na baridi haikuyaachia nishati ya kujipanga upya.

Katika hali ya kawaida joto hufuta tofauti hiyo, kwa kuwa molekuli zikikaa vibaya hugeuka. Kwenye mawingu ya barafu yanayotanda juu ya Antaktika wakati wa baridi, penye takriban nyuzi 80 chini ya sifuri, molekuli za usoni mwa barafu bado zina nafasi ya kuzunguka, na haidrojeni kloridi hupasuka kuwa ioni. Mwaka 1986 Susan Solomon na wenzake walieleza kuwa ni juu ya barafu hiyo klorini iliyotoka kwenye gesi za majokofu na makopo ya kupulizia hubadilika kuwa sura inayoshambulia ozoni jua la machipuko linapochomoza. Angani kabisa, katika mawingu ya vumbi kati ya nyota, baridi ni kali kupita hiyo, na anayetaka kukokotoa kemia ya huko hana budi kuuliza kipi kilitangulia kutua juu ya chembe ya vumbi, maji au asidi.