Buriani swahibu, mtunzi wa vivuli

Majuma matatu yaliyopita tulimzika swahibu wangu, mwalimu mstaafu na mtunzi wa hadithi za njozi, nyumbani kwao nje kidogo ya mji wa Kaloleni. Jina lake nalihifadhi kwa kuwa jamaa zake wangali na msiba. Wanafunzi aliowafunza kwa zaidi ya miaka thelathini watamtambua kwa jina la utani walilompa: Mwalimu wa Majini.

Desturi yetu ni kumsifu maiti. Leo, msomaji mpendwa, sikuja kusifu bali kuungama.

Mwaka wa 1997 aliniletea daftari lenye hadithi aliyoiandika kwa mkono. Humo mna chifu anayezunguka kijijini na sanduku la chuma akikusanya vivuli vya watu. Anayepokonywa kivuli hupoteza haki ya kudai shamba la babu yake, kwa kuwa sheria ya kijiji hicho yasema kwamba asiye na kivuli hakuwahi kusimama pale. Niliisoma kalamu nyekundu ikiwa mkononi, kama nilivyozoea kusahihisha insha. Pambizoni nikaandika: "Ondoa mambo ya ajabu. Andika maisha halisi."

Alipoyasoma maneno yale alicheka kidogo, kisha akaniuliza: "Ndugu yangu, baba yangu amelima shamba lile tangu ujana wake na hana hati. Mbele ya sheria yeye ni skwota. Je, ana kivuli?"

Sikuwa na jibu. Nikageuza mazungumzo, naye hakunionyesha hadithi nyingine tena.

Waama, kosa lile halikuwa langu peke yangu. Wengi wetu tunaofundisha fasihi tumezoea kuuona uhalisia kuwa kazi ya watu wazima, na njozi kuwa mchezo wa watoto. Ilhali vitabu tulivyokuwa tukivisomesha vilitusuta. Shaaban Robert alipochapisha Kusadikika mwaka wa 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, aliiweka nchi yake angani. Humo Karama anashtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria. Msomaji hahitaji mabawa ili aone kwamba mashtaka hayo ni ya hapa chini duniani.

Euphrase Kezilahabi, aliyefariki Januari 2020, alianza na uhalisia wa Rosa Mistika mwaka wa 1971. Lakini alipotaka kuuliza maswali mazito zaidi kuhusu maana ya maisha, alituandikia Nagona na Mzingile, ambamo mpaka kati ya ndoto na kweli umefutika. Hapa kwetu Pwani, Katama Mkangi, ambaye katika miaka ya 1980 aliwekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka, alitoa Walenisi mwaka wa 1995. Dzombo anahukumiwa kifo, anarushwa angani, naye anajikuta katika nchi yenye usawa. Jina la nchi hiyo, ukilitamka polepole, lasema: wale ni sisi.

Marehemu alivijua vitabu hivi vyote. Mimi pia nilivijua, tena nilivifundisha. Nilimkubalia Shaaban Robert nchi ya angani, nikamnyima swahibu wangu sanduku moja la vivuli, kwa sababu yeye sikumwona akiwa juu ya rafu ya maktaba. Nilimwona kila siku katika chumba cha walimu, akinywa chai.

Walimu wenzangu, mwanafunzi akiandika katika insha kwamba mwembe umesema, tusiharakishe kuandika "haiwezekani". Sisemi kwamba kila zimwi ni fasihi. Yapo mazimwi yanayoletwa tu kwa sababu mwandishi ameishiwa na la kusema. Tumuulize kwanza: mwembe huo unasema nini ambacho watu wa kijiji wameogopa kukisema? Akiwa na jibu, tumpe alama zake. Nanyi wanafunzi, jiulizeni swali hilo kabla ya mwalimu kuwauliza.

Baada ya mazishi, bintiye aliniita kando akanikabidhi daftari lile. "Mwalimu," akasema, "baba aliagiza likurudie wewe, ulimalize kulisahihisha."

Nililifungua nikiwa nimekaa chini ya mnazi. Wino wangu mwekundu haukuwa umefifia. Hakufuta kitu. Chini ya maneno yangu alikuwa ameendelea kwa penseli: msichana mmoja anaiba ufunguo usiku, analifungua sanduku, lakini vivuli vimefungiwa muda mrefu mno hata havikumbuki ni vya nani. Msichana anaanza kuwaamsha wazee, mmoja mmoja, waje wavitambue vyao kabla hakujapambazuka. Hadithi inakatikia hapo.

Majuto ni mjukuu. Nimeanza kuinakili, ukurasa kwa ukurasa, na vivuli vyote vimo.