Mzazi, mwachie mtoto bonanza lake

Desemba na Januari, ligi za soka nchini Ujerumani husimama kupisha baridi. Viwanja huganda na giza huingia mapema. Watoto, hata hivyo, hawaachi mpira. Klabu zao hualikana kwenye mabonanza ya kirafiki yanayochezwa ndani ya kumbi za michezo, mara nyingi za shule.

Bonanza huisha kwa siku moja. Mechi ni za dakika chache, timu ni ndogo, na mara nyingi hutumika mpira wa futsal, ambao haudundi sana. Kwa kuwa nafasi ni finyu, kila mtoto huugusa mpira mara nyingi. Wazazi nao huuza keki na kahawa ili kutunisha mfuko wa klabu.

Shida huanzia jukwaani. Ndani ya ukumbi, sauti ya mzazi haipotei. Baba anapaza sauti, "Piga!" Kocha anasema, "Toa pasi!" Mtoto wa miaka 8 anabaki na mpira mguuni, hajui amsikilize nani. Akinyang'anywa, macho yake yanakwenda kwanza jukwaani kumtazama baba.

Mjerumani Ralf Klohr, kutoka eneo la Aachen, aliliona tatizo hilo kwenye soka la watoto akapendekeza kanuni tatu. Kwanza, watoto wacheze bila mwamuzi na waamue wenyewe kama ni faulo au mpira umetoka. Pili, makocha wa timu zote mbili wakae pamoja na waelekeze kwa uchache. Tatu, wazazi wakae mbali na uwanja.

Shirikisho la soka la nchi hiyo nalo limebadilisha soka la watoto. Tangu msimu wa 2024/25, wenye umri chini ya miaka 11 wanacheza katika timu ndogo, bila msimamo wa ligi.

Somo hilo linafaa hata huku kwetu, shule zinapofungwa Desemba na mabonanza ya mtaani kuanza. Nenda ukamtazame mwanao, umpigie makofi, na umpigie makofi pia mtoto wa mwenzio akifunga. Maelekezo mwachie kocha.

Mkiwa njiani kurudi nyumbani, usianze na goli alilokosa. Muulize alichofurahia, kisha umsikilize. Mengine atayasema mwenyewe.