Mgeni wa usiku bustanini: mpige picha, usimwekee chakula

HUENDA, msomaji, umewahi kuchungulia dirishani usiku wa manane ukaona macho mawili yakimetameta chini ya ua wa kayaba. Ukadhani ni paka wa jirani. Lakini paka wa jirani hana madoadoa mwili mzima, wala mkia mrefu wenye pete nyeusi kama huo. Huyo ni kanu.

Wengi hudhani wanyama wa mwitu ni wa watu wa Karen na Lang'ata, nasi wa Eastlands tumeachiwa matatu na vumbi. Sivyo. Nyumba za Buruburu zina vijibustani mbele na nyuma. Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940, bado una viwanja na miti mikubwa. Mto Nairobi na Mto Ngong hukatiza upande huu wa jiji, na vichaka vya kingoni ni njia nzuri kwa mnyama asiyetaka kuonekana. Kalunguyeye, nguchiro, bundi na popo, wote ni wakaazi wa Nairobi kama wewe.

Siku hizi kila mtu ana simu yenye kamera, na picha ya kalunguyeye hufurahisha watoto na marafiki. Basi ili mgeni arudi kesho, mwenye nyumba humwachia sahani ya maziwa, ugali uliobaki au mifupa. Hapo ndipo jambo hili linapoingia katika ukurasa wa afya.

Sahani iliyoachwa nje haina mlinzi. Kanu akija mara moja, panya watakuja mara kumi, na nyuma yao paka wasio na wenyewe na mbwa koko wa jaa la taka. Wanyama ambao kwa kawaida hukwepana sasa wanakutana mahali pamoja, wenye njaa, wakigombania mfupa. Huumana. Na asubuhi mtoto wako anatoka kucheza papo hapo.

Ugonjwa wa kuogopwa zaidi hapa ni kichaa cha mbwa. Sio ugeni Nairobi: kisa cha kwanza kuthibitishwa nchini kilikuwa cha mbwa, viungani mwa jiji hili, mwaka 1912. Serikali hukadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 2,000 Kenya kila mwaka. Karibu wote huambukizwa na mbwa, na wengi wa wanaoumwa ni watoto. Lakini virusi vyake haviishii kwa mbwa. Paka huvipata, nguchiro huvipata, na huko Afrika Kusini nguchiro wana aina yao wenyewe ya virusi hivyo. Mnyama wa mwitu aliyepoteza woga, anayekujia mchana kweupe au anayeyumbayumba, asikuvutie kwa picha. Rudi ndani ufunge mlango.

Panya, kwa upande wake, hajulikani kumwambukiza binadamu kichaa. Huo usiwe mwanya wa kumkaribisha. Mkojo wake hueneza leptospirosisi, maradhi yanayoharibu figo na ini, na viroboto wake ndio walioleta tauni Nairobi mwaka 1902, hata wakubwa wa wakati huo wakaamua kuliteketeza soko la Wahindi kwa moto.

Je, ukiumwa au kukwaruzwa ufanye nini? Osha kidonda mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa dakika 15 kamili. Tazama saa, maana dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani. Tunajua mifereji ya Eastlands hukauka kwa siku kadhaa, kwa hivyo tumia mtungi wa lita 20 na mtu wa kukumiminia kidogo kidogo kwa jagi. Sabuni ya kufulia inatosha kabisa. Usipake pilipili, mafuta ya taa wala majivu, na usikubali kidonda kishonwe kwa haraka kabla daktari hajajua kwamba ni mnyama aliyekuuma.

Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ukifika Mama Lucy Kibaki au kituo kingine kilicho karibu nawe, taja mnyama waziwazi. Kama chanjo haipo, uliza inapatikana wapi, na usirudi nyumbani kungoja. Zile hadithi za sindano nyingi za tumboni zimepitwa na wakati. Leo chanjo hudungwa mkononi, karibu na bega, mara nne au tano katika muda wa majuma mawili hadi manne. Kidonda kikiwa kirefu, daktari ataongeza kinga nyingine inayodungwa kwenye kidonda chenyewe. Dalili huchukua kwa kawaida mwezi mmoja hadi mitatu kutokea, na wakati mwingine zaidi ya mwaka. Kwa hivyo kupona kwa kidonda si ushahidi wa lolote. Homa ikianza, na mgonjwa akashtuka kwa kuona maji tu, karibu hakuna tiba iliyobaki.

Watoto huficha. Aliyekwaruzwa akijaribu kumshika kanu mkia ataogopa kuchapwa, naye atanyamaza. Waambie leo kwamba atakayesema hatapigwa, nawe utimize ahadi hiyo.

Na picha je? Piga, tena kwa raha zako! Zima taa ya ndani, kandamiza simu kwenye kioo cha dirisha ili kisirudishe mwanga, na uzime mmweko wa kamera. Mwanga huo humshtua mnyama, na wewe hupati ila macho mawili meupe kama ya shetani. Wanaoishi karibu na zile taa ndefu za mulika mwizi wana bahati, kwani bustani zao zina mwanga wa kutosha. Mwenye uwezo anaweza kununua kamera ya kufunga mtini, inayojipiga yenyewe kiumbe anapopita. Wewe umelala, yeye anafanya kazi.

Badala ya chakula, acha rundo la majani makavu pembeni mwa bustani. Wadudu watajificha humo, na kalunguyeye atawatafuta mwenyewe. Ni chakula chake halisi; maziwa ya ng'ombe humharisha tu. Usimshike kwa mikono mitupu, kwani hubeba bakteria za tumbo na vijidudu vya choa. Bakuli la maji si baya, mradi ulimwage kila asubuhi mbu wasitage humo. Takataka nazo zifungwe kwenye pipa lenye kifuniko kabla ya giza kuingia.

Mbwa na paka wako wapate chanjo ya kichaa kila mwaka. Wataalamu husema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Fuatilia matangazo ya maafisa wa mifugo karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kwani kampeni nyingi za chanjo hufanywa wakati huo.