Prodyuza Aliyekataa Mrabaha

Shabiki wa Bongo Fleva akisikia neno prodyuza, anamfikiria mtu aliyekaa mbele ya kompyuta akipika biti, msanii akifika ni kuingiza sauti tu. Bendi ya roki huja studio na nyimbo zake, magitaa yake na mpiga drams wake. Prodyuza anabakiwa na kazi gani?

Inategemea ni nani. George Martin aliwaletea Beatles wapiga vyombo vya nyuzi wanne katika “Yesterday” mwaka 1965. Butch Vig, akirekodi “Nevermind” ya Nirvana, alimbembeleza Kurt Cobain aimbe mistari ileile mara mbili ili sauti zipandane. Cobain alipogoma, akaambiwa hata John Lennon wa Beatles alifanya hivyo.

Steve Albini wa Chicago hakutaka kabisa kuitwa prodyuza. Kwenye majalada aliandikwa kuwa ndiye aliyerekodi, basi. Nirvana walipomtaka kwa albamu ya “In Utero”, aliwaandikia barua ndefu ya masharti, na sharti zito lilihusu pesa. Desturi ni prodyuza kupata asilimia ya mauzo, miaka nenda miaka rudi. Albini aliwapigia hesabu: asilimia moja au moja na nusu, albamu ikiuza nakala milioni tatu, ni kama dola 400,000. Akazikataa. Alitaka alipwe kama fundi bomba: kazi ikiisha, ujira mkononi, kwaheri. Alichukua dola 100,000, ambazo nazo si haba.

Februari 1993 wakaingia studio ya Pachyderm, Minnesota, wakamaliza kwa takriban wiki mbili. Drams za Dave Grohl zilizungushiwa maikrofoni zipatazo 30, nyingine mbali kidogo na ngoma zenyewe. Hapo ndipo ulipo ufundi wa Albini: maikrofoni ya karibu hunasa pigo, ya mbali hunasa chumba kinavyolijibu. Ndiyo maana alipofungua studio yake ya Electrical Audio mwaka 1997, kuta alizijenga kwa matofali ya udongo yaliyosafirishwa kutoka New Mexico.

Kampuni ya rekodi ya Nirvana haikuipenda kazi hiyo. Hatimaye prodyuza mwingine, Scott Litt, aliitwa kuchanganya upya nyimbo mbili, “Heart-Shaped Box” na “All Apologies”. Hata hivyo albamu ilishika namba moja Marekani.

Binafsi naona Albini alitia chumvi kidogo alipokataa kuitwa prodyuza. Kuchagua chumba na kuweka maikrofoni nako ni kuamua wimbo usikike vipi. Lakini kwenye pesa alikuwa sahihi, na hadi alipofariki Mei 2024, akiwa na miaka 61, bendi zisizo na jina ziliendelea kurekodi kwake kwa ada ya siku.

Nanyi vijana mnaojiandaa kwenda studio, ulizeni mapema kama prodyuza wenu anataka ada au asilimia, kisha muandikishiane.