KAZI YA HAKIMU WA KESI ZA MADAI

Ndugu msomaji, ukimtajia mwanafunzi wa hapa Voi neno "hakimu", mara moja anaona pingu, askari na lori la kwenda gereza la Manyani. Hata mimi nilikuwa hivyo hivyo hadi siku niliyomsindikiza mjomba wangu kortini. Kumbe siku hiyo hakuna aliyefungwa pingu! Watu waliitwa, wakaeleza yao, hakimu akaandika, wakaenda zao. Nikajiuliza, huyu mheshimiwa anafanya kazi gani hasa? Tangu hapo nimesoma, nimeuliza, na wakati wa likizo nimeketi mara kadhaa kwenye viti vya nyuma, maana Katiba ya 2010 inataka kesi zisikizwe hadharani. Haya ndiyo niliyoyavuna.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Kesi ya jinai ni ya serikali dhidi ya mtu: wizi, kupigana, ujangili wa ndovu kule Tsavo. Kesi ya madai ni ya mtu na mwenzake: deni lisilolipwa, ajali ya gari, mpaka wa shamba, urithi wa marehemu. Katika jinai mtu anaweza kufungwa. Katika madai anayeshindwa huamriwa alipe, arudishe mali au aache kufanya jambo fulani. Aliyeleta kesi huitwa mdai, na aliyeshtakiwa huitwa mdaiwa. Mara nyingi hakimu ni yule yule mmoja. Asubuhi anasikiliza wizi wa mbuzi, adhuhuri deni la mbao.

Mtu hawi hakimu kwa kupenda tu. Ni lazima awe na shahada ya sheria, apite Chuo cha Sheria cha Kenya, akubaliwe kuwa wakili wa Mahakama Kuu, kisha aajiriwe na Tume ya Huduma za Mahakama. Akishaajiriwa, uwezo wake una mipaka. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 2015 inasema hakimu mkazi asikilize madai yasiyozidi shilingi milioni 5. Hakimu mkuu, aliye juu ya ngazi, mwisho wake ni milioni 20. Asiyeridhika na hukumu ana siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama Kuu, ambayo ina kituo hapa hapa Voi. Rufaa za ardhi nazo zina mahakama yake ya daraja hilo hilo.

Sasa tuingie kortini. Jambo lililonishangaza kuliko yote ni kwamba hakimu haendi kutafuta ushahidi. Yeye si polisi. Hatoki kwenda Sagalla kuuliza majirani shamba ni la nani, wala hapigi simu kuulizia. Anaamua kwa yale tu aliyoletewa mbele yake: maneno ya mashahidi walioapa, na karatasi zilizopokewa. Hata kama barabarani kila mtu anajua ukweli, usipoletwa kortini ni kana kwamba haupo. Kwa hiyo kazi yake kubwa ni kusikiliza na kuandika. Shahidi akisema, yeye anaandika. Wakili akipinga, anaandika. Ukienda mbio sana anakuinulia mkono: "Pole pole, mzee."

Na hapa, wapenzi wa Kiswahili, pana jambo linalotuhusu sisi. Kifungu cha 86 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai kinasema lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, lakini lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Yaani nyanya yako hana haja ya kutetemeka eti hajui Kizungu. Naye ajuaye Kidawida tu, au Kikamba tu, huwekewa mkalimani.

Lakini lugha nayo ina mitego yake. Siku moja nilimsikia mzee mmoja akisema, "Mheshimiwa, mimi nilimpa shamba." Basi! Wakili wa upande wa pili akatabasamu, maana kama alimpa, analirudisha vipi? Hakimu akaweka kalamu chini akauliza, "Mzee, ulimpa alime, au ulimpa liwe lake?" Mzee akashangaa. "Alime tu, mheshimiwa! Nani ampe mtu shamba hivi hivi?" Neno moja, "nilimpa", lilikuwa karibu kumla mzee shamba. Hapo ndipo nilipotambua kwamba kusikiliza si kuwa na masikio tu. Hakimu lazima ajue watu wa mahali hapa wanasemaje wanaposema.

Baada ya kusikiliza huja kupima. Katika jinai, serikali lazima ithibitishe kosa pasipo shaka ya maana. Katika madai, mizani ikiinama kidogo tu upande mmoja, huyo ameshinda. Tuseme Mwakio anadai kwamba alimkopesha Juma shilingi 80,000. Juma anakana. Mwakio ana karatasi yenye sahihi ya Juma, Juma ana mdomo mtupu. Mizani imeinama. Lakini kama wote wana midomo mitupu, Mwakio ndiye atakayeanguka, kwa sababu anayedai ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha.

Sisi tunaoishi kando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi twajua ajali. Katika kesi za namna hii hakimu hujiuliza: nani alikosea? Pengine wote wawili, dereva kwa mwendo wa kasi na mtembea kwa miguu kwa kuvuka ovyo. Hapo hugawanya lawama, labda 80 kwa 20, na fidia hupungua kwa kipimo hicho. Maumivu ya mguu uliovunjika huyapima kwa kutazama mahakama nyingine zilitoa kiasi gani kwa jeraha kama hilo. Ama pesa ulizotumia hospitalini, hizo zataka risiti. Huna risiti, huna pesa.

Kisha huandika hukumu. Sheria inamtaka aeleze kesi ilihusu nini, maswali ya kuamuliwa ni yapi, ameamua nini, na kwa sababu gani. Hiyo "kwa sababu gani" ndiyo roho ya kazi yenyewe. Hukumu isomwe papo hapo au katika siku 60 baada ya kesi kumalizika.

Turudi kwa mjomba wangu. Alivunjika mguu katika ajali ya matatu karibu na Maungu. Mwenye gari akambembeleza asiende kortini, wataelewana nyumbani. Mjomba ni mtu wa amani, akakubali. Mwaka ukapita, na wa pili, na wa tatu. Ahadi zikawa nyingi, pesa hakuna. Alipokata shauri kushtaki, ilikuwa miaka 3 na miezi 2 tangu ajali. Lo! Sheria inampa aliyeumizwa kwa uzembe wa mwenzake miaka 3 tu. Kwa mikataba ni 6, kwa ardhi ni 12.

Wakili wa mdaiwa alisimama akasema jambo hilo moja tu. Hakimu alimtazama mjomba na mkongojo wake, akamweleza kwa Kiswahili, taratibu, kwamba haamui kuwa hakuumia, wala hasemi anadanganya, ila mlango umefungwa na yeye hana ufunguo. Kesi ikatupwa.

Siku ile nilimchukia hakimu yule. Leo nimeelewa. Kama angeweza kuiweka sheria kando kwa kumwonea mjomba huruma, kesho angeweza kuiweka kando kwa kumwogopa tajiri. Ndiyo maana Katiba inasema mahakama isitawaliwe na mtu yeyote ila Katiba na sheria. Hata hivyo sitasema uongo: mjomba bado anachechemea, na kila nikimwona akipanda ngazi moyo huniuma.

Kwa hivyo, wenzangu, tusiwaachie mawakili elimu hii. Weka risiti. Andikianeni hata kama ni ndugu. Ukiletewa hati ya kuitwa kortini usiifiche chini ya godoro, kwani usipojibu hukumu yaweza kutolewa bila wewe. Kuelewana nyumbani ni kuzuri, na Katiba yenyewe, kifungu cha 159, inahimiza upatanisho, ila hesabu miaka huku mkielewana. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwa mjomba wangu iliumiza na mguu.

Naiweka kalamu yangu chini. Ukirudi nyumbani likizo hii, waulize wazee: je, kuna ahadi inayozeeka?